Jazi, klasiki au roki: mwezi wako mmoja uupe muziki upi?

Ukitaka kuujua muziki ambao hukukulia nao, upe mwezi mzima. Siku chache hazitoshi, maana mwanzoni sikio linahangaika tu: mwimbaji yuko wapi, kiitikio kinaingia lini, mbona wimbo hauishi. Mimi ni fundi cherehani hapa Mbeya. Kazi yangu inashika mikono na macho, lakini masikio inayaacha huru kutwa nzima. Miezi michache iliyopita niliyapa masikio hayo jazi, klasiki na roki kwa zamu, mchana kazini na usiku nyumbani. Wateja wakaanza kuuliza: na mimi nikitaka kuanza, nianze na upi?

Siwajibu wote jibu moja. Kwanza nawauliza mambo matatu: ulikulia katika muziki gani, unasikilizia kifaa gani, na hapo unaposikilizia pana kelele kiasi gani. Swali la "unapenda nini" naliacha kwa sasa, kwa kuwa mtu hawezi kupenda kitu ambacho sikio lake bado halijakishika.

Msimamo wangu ni huu. Ukiwa mwanakwaya, anza na klasiki, hata kama ndiyo unayoiogopa kuliko zote. Ukiwa mtu wa dansi, au mtu ambaye matarumbeta ya harusi yakipita barabarani lazima utoke nje, jazi ni yako, ila itakusumbua kabla haijakukubali. Ukiwa na simu tupu bila hedifoni, na unafanya kazi penye mashine au magari, roki ndiyo itakayokufikia. Sababu nitazieleza, na ya klasiki nitaieleza kwa urefu kwa sababu ndiyo ambayo watu wa huku hawaiamini.

Mwanakwaya na klasiki

Nyanda hizi zina kwaya kila kona. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na Walutheri kutoka Berlin walifika upande wa Ziwa Nyasa mwaka huohuo. Walikuja na nyimbo za sauti nne. Tangu hapo watoto wengi wa Mbeya, Tukuyu, Njombe na Iringa wanakua wakijua kwamba wimbo mmoja una soprano, alto, tenor na besi, na kwamba kila mmoja ana njia yake. Aliyewahi kuimba alto anajua kazi ilivyo: soprano wanapanda, wewe unabaki palepale, na unatakiwa usivutwe. Sikio lililofundishwa kushika njia yake huku likisikia njia nyingine tatu ndilo hasa linalohitajika kwenye klasiki. Watu hulipa fedha nyingi kufundishwa jambo hilo, na huku tunalipata bure kwenye mazoezi ya jioni.

Kwa hiyo mwanakwaya asianze na orkesta, lile kundi kubwa la wapiga vyombo. Aanze na Johann Sebastian Bach, aliyezaliwa 1685 na kufariki 1750. Huyu alikuwa Mlutheri aliyefanya kazi ya muziki wa kanisa mjini Leipzig tangu 1723 hadi kifo chake. Wajibu wake ulikuwa ule ambao walimu wetu wa kwaya wanaufahamu: Jumapili inakuja, wimbo uwe tayari, waimbaji wawe wameushika. Alichukua tenzi ambazo waumini walishazijua na kuzipangia sauti nne. Katika kazi yake ya mateso ya Yesu kwa Injili ya Mathayo utenzi mmoja wa Kwaresima unarudi mara kadhaa, na karibu kila unaporudi sauti za chini zimepangwa upya. Tune ni ileile, lakini huzuni inaongezeka, na inayoiongeza ni besi na tenor.

Nilikuwa nikiusikiliza utenzi huo wakati mwalimu mmoja wa kwaya alipokuja kuchukua sare alizoagiza. Nikamsalimia, "Shikamoo mwalimu," akaitikia huku sikio liko kwenye spika. Akasimama mlangoni. "Dada, hebu rudisha hapo mwanzo." Nikarudisha. Akaanza kuifuata besi kwa solfa, taratibu, d, t, l, akikosea, akirekebisha. Aliponyoosha mkono kuomba nirudishe tena, sare alikuwa amezisahau kwenye kaunta. Mtu huyu hakuwahi kujiona kuwa msikilizaji wa klasiki, na hakuhitaji kuelezwa chochote.

Lugha itakuwa Kijerumani, na hilo nalisema mapema ili lisimvunje mtu moyo. Ukikwama kabisa nenda kwa Händel na kazi yake ya Kiingereza, Messiah, ambayo Haleluya yake huimbwa na kwaya zetu nyingi wakati wa Krismasi na Pasaka. Wengi wanaijua hiyo peke yake na hawajui kwamba ndiyo inayofunga sehemu ya pili ya kazi yenye sehemu tatu, iliyoimbwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1742. Kuisikia ikifika mahali pake, baada ya yote yaliyotangulia, ni jambo tofauti kabisa na kuisikia ikiwa imekatwa.

Ukishazoea sauti za watu, nenda kwenye orkesta, na hapo chagua Simfoni ya Tano ya Beethoven, kazi ndefu ya orkesta yenye sehemu nne. Ni kama nusu saa na dakika chache juu. Kila mtu anazijua noti nne za mwanzo, tatu fupi na moja ndefu. Usiishie hapo. Subiri mwisho wa sehemu ya tatu: orkesta inashuka mpaka inabaki ngoma ikigonga polepole na waya zikinong'ona, unadhani simu imeishiwa chaji. Kisha, bila kusimama, sauti inaanza kukua, na sehemu ya nne inalipuka kwa matromboni. Matromboni hayo hayajapulizwa hata mara moja tangu simfoni ianze. Wapulizaji wameketi wakisubiri sehemu tatu nzima. Mtu yeyote aliyekulia karibu na bendi ya matarumbeta ya kanisa atawatambua wakiingia, na atajua kwa nini Beethoven aliwaweka akiba.

Udhaifu wa klasiki kwa maisha yetu ni kelele. Muziki huu unatoka kwenye mnong'ono hadi kwenye radi ndani ya kazi moja. Ukiongeza sauti ili usikie mnong'ono, radi inakupasua masikio. Ukipunguza, mnong'ono unapotea. Kwenye daladala hausikiki. Kuanzia Desemba hadi Aprili, mvua ikipiga bati, hausikiki hata ndani ya nyumba. Juni na Julai ndiyo miezi yake huku kwetu: baridi imebana, madirisha yamefungwa, saa mbili usiku mtaa umetulia. Kama mwezi unaoupanga ni wa masika, na huna hedifoni, ahirisha klasiki hata kama wewe ni mwanakwaya.

Jazi, kwa mtu wa dansi

Wapenzi wa dansi wanajiona tayari wanaijua jazi, kwa sababu ya majina makubwa ya zamani: Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, Dar es Salaam Jazz. Bendi hizo zilipiga rumba na mitindo yake, na tunazipenda kwa hilo. Iringa nako kulikuwa na Tancut Almasi katika miaka ya 1980, bendi ya kiwanda cha kukata almasi. Ukiweka wimbo wa bendi kama hiyo kando ya jazi ya Marekani, tofauti inaonekana haraka. Kwenye dansi mwimbaji ana kisa cha kusimulia, magitaa yanashika mchezo wao na kuurudia ili mchezaji asipotee, na wimbo ukichemka ndipo vyombo vinapata nafasi. Kwenye jazi kisa kinatolewa na vyombo kwa muda mfupi, kisha kila mpigaji anaondoka nacho kwa zamu, akitunga palepale. Anayebaki akisubiri mwimbaji arudi atachoka.

Mlango mzuri zaidi wa kuingilia ni yale matarumbeta yanayopakiwa kwenye pikapu siku ya harusi. Vijana wale wanachukua pambio ambalo kila mtu analijua, tarumbeta moja inashika tune, nyingine zinaizunguka, trombone inateleza kwa chini, ngoma inasukuma. New Orleans, ambako jazi ilizaliwa mwanzoni mwa karne ya 20, bendi za matarumbeta zilipita barabarani vivyo hivyo, harusini na hata misibani. Mpiga tarumbeta Louis Armstrong, aliyezaliwa huko mwaka 1901, alitokea humo. Rekodi alizozifanya Chicago kati ya 1925 na 1928 ni za dakika tatu hivi kila moja, kwa kuwa upande mmoja wa santuri ya wakati ule haukubeba zaidi. Anza na hizo. Ni fupi, zina furaha, na utasikia kitu unachokijua.

Halafu panda kwenye Kind of Blue ya mpiga tarumbeta Miles Davis, iliyorekodiwa 1959. Albamu nzima ni dakika 45 hivi, vipande vitano. Kipande cha kwanza, So What, ndicho kilichonifungua, na nitaeleza namna ya kukisikiliza, kwa sababu bila maelezo kinaweza kupita kama upepo. Baada ya utangulizi wa polepole, besi, chombo kikubwa cha waya nene, inasema neno. Vyombo vingine vinaitikia kwa mapigo mawili. Besi inasema tena, wanaitikia tena. Sasa hesabu mapigo manne manne. Makundi 16 ya kwanza yako mahali pamoja. Kisha muziki wote unapanda nusu sauti, yaani hatua ndogo kabisa, kwa makundi 8. Kisha unashuka pale ulipoanzia, makundi 8. Jumla 32, na mzunguko unaanza upya. Davis anapiga tarumbeta juu ya mzunguko huo, kisha John Coltrane saksafoni, kisha Cannonball Adderley saksafoni, kisha Bill Evans piano. Ukishausikia ule mpando wa nusu sauti, hupotei tena. Unajua uko wapi ndani ya nyumba, na unaanza kusikia kila mmoja anavyoingia kwenye chumba hicho kwa namna yake. Coltrane anajaza noti nyingi. Davis anaacha nafasi tupu na nafasi hizo zinasikika.

Angalia jambo moja. Anayeuliza swali pale mwanzo ni besi. Waya mnene wa besi ile kubwa hutikisika mara 41 hivi kwa sekunde, na spika ndogo ya simu haina uwezo wa kutoa sauti nzito namna hiyo. Ukisikiliza So What kwa simu tupu, majibu yatasikika vizuri na swali litasikika kwa mbali, limekonda. Ndiyo maana kwa mtu asiye na hedifoni wala spika ya maana sishauri jazi hata kidogo. Ataniambia haina tune, na kwa kile alichokisikia atakuwa sahihi.

Jazi ina faida moja ambayo sikuitarajia. Sehemu kubwa haina maneno. Mbele ya roki, anayejua Kiingereza anamtangulia asiyekijua. Mbele ya Bach sote tunabaki nyuma ya Mjerumani. Mbele ya saksafoni ya Coltrane mwalimu wa sekondari na muuza parachichi wa Uyole wako sawa.

Kama unataka kukaa Afrika, msikilize Abdullah Ibrahim, mpiga piano wa Cape Town aliyezaliwa 1934. Kipande chake cha mwaka 1974, Mannenberg, ni kirefu, kinazidi dakika kumi, lakini kinatembea kwa mwendo ambao mguu wa mtu wa dansi utaukubali mara moja.

Roki na upande wa pili wa Tunduma

Hapa nitakuwa mfupi zaidi, kwa sababu roki haihitaji mtu akushike mkono. Wimbo ni dakika tatu au nne, una beti na kiitikio, ngoma inagonga kwa nguvu pigo la pili na la nne, gitaa linapata zamu yake, basi. Na inapenya kelele. Gitaa la umeme likisukumwa mpaka amplifaya inazidiwa, vilele vya sauti vinakatwa, sauti inakuwa nene na inabaki karibu kiwango kilekile muda wote. Hicho ndicho kinachoifanya isikike juu ya injini ya basi au cherehani, na hata kwenye simu. Kwa safari ya Mbeya hadi Iringa, zaidi ya kilomita 300 za lori mbele na lori nyuma, kati ya aina hizi tatu ni roki tu iliyonifikia mpaka mwisho.

Wapenda injili wanaosema huu ni muziki wa wahuni, nawaomba wamsikilize Sister Rosetta Tharpe. Mama huyu wa Marekani, aliyezaliwa 1915, aliimba injili huku akipiga gitaa la umeme kwa ukali kabla roki haijapewa jina. Na ambaye anadhani roki haina uhusiano na kwetu akumbuke kwamba Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, alizaliwa Unguja mwaka 1946. Wimbo wao wa 1975, Bohemian Rhapsody, unakaribia dakika sita, na katikati yake sauti zimepandishwa moja juu ya nyingine kiasi kwamba mwanakwaya atajikuta anatafuta alto iko wapi.

Lakini roki ambayo naipendekeza kwanza kwa mtu wa huku iko saa chache tu kutoka hapa, ukivuka Tunduma. Miaka ya 1970 vijana wa Zambia walipiga roki yao wenyewe, Zamrock, kwa magitaa yanayounguruma na midundo ya nyumbani, wakiimba kwa Kiingereza na pia kwa lugha zao. Bendi ya WITCH walitoa albamu yao ya kwanza mwaka 1972; bendi ya Amanaz walitoa ya kwao, Africa, mwaka 1975. Ilikuwa zama za shaba, shaba ileile iliyokuwa sababu kubwa ya kujengwa reli ya TAZARA inayopita hapa Mbeya kwenda Kapiri Mposhi. Bei ya shaba ilipoanguka, fedha za kununua tiketi na santuri zilipungua, na baadaye UKIMWI uliwaondoa wengi wa wanamuziki wale. Mwimbaji wa WITCH, Emmanuel "Jagari" Chanda, alibaki, na miaka ya karibuni amerudi jukwaani na kuzunguka dunia. Nikisikiliza nyimbo hizo nasikitika kwamba tulikaa nazo jirani miaka yote hii na redio za huku hazikutuzoesha.

Kasoro ya roki kwa mtu anayetoa mwezi mzima ni kwamba inajieleza yote mapema. Wimbo uliokupendeza Jumatatu utaujua wote kufikia Ijumaa, na itabidi utafute mwingine. Bach na Coltrane hawakuniishia.

Bando

Hili linabadilisha uamuzi kuliko watu wanavyodhani. Muziki wa mtandaoni kwa ubora wa kati, kilobiti 160 kwa sekunde, unakula MB 72 kwa saa. Albamu ya Davis ni kama MB 54. Simfoni ya Tisa ya Beethoven, yenye dakika 70 hivi, ni kama MB 84. Wimbo wa roki wa dakika tatu hauzidi MB 4, kwa hiyo roki inaonekana ya bei nafuu. Sivyo. Jazi na klasiki unapakua kazi moja usiku na kuirudia wiki nzima bila kutumia hata MB moja zaidi, na kurudia ndiko kunakofundisha. Roki inakutaka usonge mbele, wimbo baada ya wimbo, na mwisho wa mwezi ndiyo iliyonimalizia vifurushi. Pakua muziki wako kwanza, usiusikilize moja kwa moja mtandaoni. Hilo ni kwa aina zote tatu.

Ukikwama katikati ya mwezi

Badilisha kazi, usibadilishe aina. Aliyechoshwa na Simfoni ya Tano hajachoshwa na klasiki. Ampe nafasi mtunzi Chopin, piano peke yake, vipande vya dakika nne tano. Coltrane akikuzidi, rudi kwa Armstrong. Usichanganye aina tatu kwa siku moja kama nilivyoona baadhi wakifanya, maana kila moja inataka usikivu wake, na ukichanganya, roki itashinda kila siku kwa sababu ndiyo yenye sauti kubwa.

Na mwezi wa pili? Aliyeanza na klasiki aende kwenye jazi, kwa kuwa ameshajifunza kufuata njia kadhaa kwa wakati mmoja. Aliyeanza na roki naye ana daraja lake. Nyimbo nyingi za Chuck Berry, mwanaroki wa zamani wa Marekani, zimejengwa juu ya mzunguko wa makundi 12 ya mapigo manne, ule ule wa bluzi. Azihesabu mpaka zimkae kichwani. Kisha afungue Kind of Blue, aruke So What, aende moja kwa moja kipande cha pili, Freddie Freeloader, na aanze kuhesabu: ni 12 zilezile.